Ameumwa na Nini?

Mwaka 1973 nilikuwa nikifundisha darasa la tatu katika kijiji cha ujamaa cha Kwemkole, wilayani Handeni. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya pili, nilikagua kucha, masikio na shingo, kisha nikaita majina. Katika daftari langu la mahudhurio, aliyekuwapo alipata mkwaju, mtoro alipata T, mwenye ruhusa R, na mgonjwa M. Herufi hiyo ya mwisho niliipenda kuliko nyingine kwa sababu ilifunga maswali. Mtoro hufuatwa nyumbani, mwenye ruhusa huulizwa atarudi lini. Lakini mtoto anayeumwa, anaumwa. Unampa pole, unamwandika, unaendelea na hesabu.

Mwaka ule redio ilikuwa ikihimiza afya nchi nzima. Jioni watu wazima wa Kwemkole walikusanyika kwa vikundi kuisikiliza, wakachimba vyoo na kufyeka majani. Nasi shuleni tulifundisha mambo yaleyale mchana. Somo langu kuu nililiandika juu ya ubao kwa herufi kubwa na sikuruhusu mtu alifute: UCHAFU HULETA MAGONJWA, USAFI HUYAZUIA. Watoto walilikariri hata wakicheza rede.

Alhamisi moja ya mwezi wa Julai, mtoto wa miaka mitano aitwaye Hamisa alisimama mlangoni pa darasa. Hakuwa mwanafunzi bado, ila kila siku alimsindikiza dada yake Mwantumu, aliyekuwa wa darasa langu, akakaa nje chini ya dirisha mpaka saa ya uji. Siku hiyo alikuja peke yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hamisa. Umetumwa?"

"Dada kaumwa mguu."

"Mpe pole. Apumzike, aje kesho."

Hakuondoka. Alinitazama kama mtu anayengoja chenji yake.

"Kaumwa mguu," alirudia, na safari hii akainama akagusa kifundo chake. "Hapa."

"Nimesikia, mama. Nenda nyumbani."

Mtoto mmoja nyuma akasema, "Anataka aandikwe na yeye!" Wenzake wakacheka. Niliandika M mbele ya jina la Mwantumu, nikageukia ubao.

Ijumaa Mwantumu alikuja, amefunga kitambaa mguuni. Nilimwuliza kama amepona, akajibu, "Nimepona, Mwalimu," nami nikamwekea mkwaju wake. Alikuwa na miaka tisa, mwandiko mzuri, kucha safi daima. Wazazi wake walikuwa wakilima huko Mnyuzi, karibu na reli, na watoto wao watatu walikaa Kwemkole kwa bibi yao, Bibi Tatu, ili wasikatize masomo. Mkubwa wao, Muhidini, miaka kumi na minne, alikuwa darasa la saba, na mimi mwenyewe ndiye niliyempendekeza awe kiranja wa afya.

Jumatatu asubuhi alifika shuleni Kasaine, mfugaji aliyeishi na ng'ombe wake katika nyika ya upande wa magharibi na aliyekuwa akileta maziwa kijijini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri; miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi mpaka magotini. Nilimpa kiti, hakutaka kukaa.

"Mwalimu, mbwa wangu aliharibika kichwa," alisema. "Alianza kuuma miti. Mate yanamtoka, maji hataki. Juzi aliuma ndama wawili. Nimemwua. Lakini Jumatano alinifuata hapa kwenu nilipoleta maziwa. Nimekuja kujua kama aliuma mtoto."

Chuoni Korogwe, mkufunzi wetu wa somo la afya alitueleza kichaa cha mbwa kwa sentensi chache ambazo sikuwahi kuzisahau. Aliyeumwa huweza kukaa wiki nyingi akiwa mzima, akila na kucheza. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Zipo sindano, lakini husaidia kabla ya hapo tu. Nilihesabu siku tangu Jumatano. Zilikuwa tano.

Niliingia darasani, Kasaine akanifuata hadi mlangoni.

"Watoto, nani aliumwa wiki iliyopita?"

Mikono ikapaa kama shamba la mahindi.

"Mimi tumbo, Mwalimu!"

"Mimi jino! Mpaka leo!"

"Mwalimu, mimi niliumwa kichwa, lakini mama alisema ni uvivu!"

"Huyo mwongo, Mwalimu, alikuwa anatega ndege!"

Kasaine aliitazama mikono ile, macho yakamtoka. "Wote hawa?" aliuliza. "Mbwa wangu alikuwa mmoja!"

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mimi nilisimama na chaki mkononi, nikalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, ingawa nimelisema maisha yangu yote. Homa ikikushika, unaumwa. Meno ya mbwa yakikushika, unaumwa pia.

"Kwetu ni maneno mawili," Kasaine aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

"Nauliza aliyeumwa na mbwa," nikasema.

Mikono yote ikashuka. Nilifungua daftari. Siku ya Alhamisi palikuwa na M moja tu. Hapo nikakumbuka kitu ambacho jicho lilikiona kabla ya akili: mtoto mmoja tu hakunyanyua mkono hata pale mwanzo, na ndiye huyo niliyemwandika mgonjwa.

"Mwantumu, njoo nje."

Alitoka akiutazama mchanga. Nilimwuliza kwa upole, akajibu kwa adabu: hakuumwa, Alhamisi ulikuwa mguu tu, tena amepona. Hakutaka kufungua kitambaa. Chini ya dirisha, mahali pake pa kila siku, Hamisa alikuwa akichora kwa kijiti. Nilichuchumaa mbele yake.

"Hamisa, dada aliumwa na nini?"

Alikitupa kijiti. Uso wake ulijaa nafuu ya mtu aliyengoja siku nne aulizwe swali hilo.

"Na Kijivu," alisema. Akauinua mkono wake mwenyewe, akaung'ata mbele yangu, kisha akanionyesha alama za meno yake madogo. "Hivi."

"Kijivu ndiye mbwa wangu," Kasaine alisema. "Watoto wa hapa walimwita hivyo."

Mwantumu alianza kulia, na katika kilio hicho mambo yote yakatoka. Kila Kasaine alipoleta maziwa, yeye alimtupia mbwa yule kipande cha ugali alichokificha mchana. Jumatano mbwa hakula ugali, alishika mguu. Mwantumu alijua kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chuoni kwao, kwa mwalimu wao wa Kurani, walifundishwa namna ya kuitoa: kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Aliosha mara saba. Alijihesabia kwa sauti. Kidonda na mguu mzima.

"Nikawa safi, Mwalimu," alisema. "Na wewe ulisema aliye safi haumwi."

Maneno yalikuwa bado pale juu ya ubao. Niliyaona kupitia dirisha.

Nilimtuma mtoto amwite Muhidini. Alikuja akitembea wima, kwa namna ya kiranja, na alipomwona Kasaine na kumwona mdogo wake, akaelewa.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu. Nilikuwa nakikagua kidonda kila asubuhi." Alisimama kama aliyeitwa kujibu mtihani. "Hakikutoa usaha, hakikuvimba, hakikuwa na harufu. Ulitufundisha kwamba kidonda chenye vijidudu hutoa usaha. Hiki kimefunga. Ndiyo maana sikumwambia bibi, angemwadhibu bure."

Nilitafuta kosa katika hoja yake na sikuliona. Chuoni nilikuwa na daftari la makuzi ya mtoto, lenye mistari ya rangi, lililoonyesha umri wa miaka mitano unaelewa nini, wa tisa nini, wa kumi na minne nini. Sasa umri wote huo ulikuwa umesimama mbele yangu kwa safu, kila mmoja ameelewa alichopewa. Mkubwa alikijua kidonda, wa katikati aliijua sheria. Mdogo alijua meno, na mdogo ndiye niliyemwambia arudi nyumbani.

Mwalimu Mkuu, Bwana Habakuki, alinipa ruhusa ya siku mbili bila kuuliza la pili. Lori la kijiji lilikuwa likipakia pamba kwenda Handeni saa sita. Kutoka Handeni tungepata basi la Korogwe, kwenye hospitali. Lililobaki lilikuwa nyumbani kwa Bibi Tatu.

Tulimkuta akipepeta mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuuachia ungo, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Kumbe maji yangu ndiko yalikokwenda! Jumatano narudi shambani, nakuta mtungi mkavu, nauliza, mtu kimya. Nikamchapa, Mwalimu. Nimechapa mtoto mwenye jino la mbwa mguuni." Alimgeukia tena mjukuu wake. "Kwa nini hukusema, wewe?"

"Ungesema nimeleta najisi nyumbani," Mwantumu alijibu. "Ungesema malaika hawaingii tena."

"Ningesema," Bibi Tatu alikiri. "Kisha?"

Mwantumu aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akatangaza kwamba haendi Korogwe. Ikiwa atachomwa sindano, maana yake ni kwamba kuosha kwake hakukukubaliwa. Hapo nilielewa kwamba hakuogopa sindano hata kidogo. Aliogopa kuambiwa bado ni mchafu. Ningeweza kumbeba kwa nguvu mpaka kwenye lori, lakini sindano za ugonjwa ule ni kumi na nne, kila siku moja, na mtu hawezi kubebwa kwa nguvu siku kumi na nne.

Niliketi chini karibu naye.

"Bibi yako aliwahi kwenda Korogwe kwa miguu?"

"Zamani. Alilala njiani mara mbili."

"Na kwa gari?"

"Unatoka asubuhi, jioni haijafika umeshafika."

"Basi sikiliza. Mbwa amekuachia mgeni mbaya mguuni. Mgeni huyo anataka kufika kichwani, na hana gari. Anakwenda kwa miguu, polepole, analala njiani. Dawa inapanda gari. Ikiondoka leo, itampita na kumfungia mlango kabla hajafika. Ikingoja mpaka afike, atakuwa amejifungia yeye ndani."

Alikitazama kifundo chake, kisha macho yakapanda taratibu, goti, paja, tumbo, kama anayepima safari.

"Na mara saba?"

Swali hilo halikuwa langu, na nilishukuru kwamba mwenyewe alikuwapo. Bibi Tatu aliuweka ungo chini.

"Mara saba ni mara saba," alisema. "Twahara yako imetimia, mjukuu wangu. Mimi mwenyewe nisingeosha vizuri zaidi. Hiyo umekwisha kuimaliza na Mungu. Sindano ni ya mwili, na mwili nao ni amana, unatunzwa. Inuka. Niletee kanga yangu ile ya safari."

Mwantumu aliinuka.

Wakati tukijiandaa, Hamisa alinivuta sketi. "Dada atabweka?"

"Hatabweka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mimi nilikuwa namsikiliza akilala," alisema. "Ili akianza nimwamshe."

Muhidini yeye hakuuliza lolote mbele ya watu. Alibeba mzigo wa bibi mpaka kwenye lori, Kasaine akamwinua Mwantumu juu ya magunia ya pamba kama anavyoinua ndama, na hapo ndipo kijana alipokuja upande wangu. Wadogo zake wawili walikuwa wametulia kwa maelezo yangu. Yeye ndiye yaliyemtisha, kwa sababu aliyaelewa.

"Mwalimu, siku tano. Kama huyo mgeni ameshafika?"

Ningeweza kumwambia kama nilivyomwambia Hamisa. Miaka kumi na minne haistahili jibu la miaka mitano.

"Sijui kwa hakika, Muhidini. Ninachojua ni kwamba kutoka mguuni ni mbali, na kwamba Mwantumu hajaumwa kichwa, wala hajaogopa maji. Tunawahi."

"Na mimi nifanye nini?"

"Nenda nyumba kwa nyumba, na kila nyumba uulize maneno haya kamili: kuna aliyeng'atwa na mbwa, hata kidogo, hata kama amepona? Usitumie neno lingine."

Aliondoka mbio. Baadaye nilipata habari kwamba alifika mpaka mashamba ya mwisho. Hakumpata mwingine.

Hospitalini tulipokewa na tabibu aitwaye Petro, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Alifungua kitambaa, akauweka mguu juu ya goti lake.

"Nani aliosha kidonda hiki?"

"Mimi," Mwantumu alijibu, na nikaona mabega yake yakijiandaa kwa aibu.

"Lini?"

"Palepale. Mara saba. Moja kwa udongo."

Petro alimtazama Bibi Tatu, kisha mimi, kisha akarudi kwa mtoto. "Ule udongo, siku nyingine tuuweke mbali na jeraha, bibi atatueleza namna ya kufanya. Lakini maji mengi namna hiyo, mapema namna hiyo, ndiyo dawa ya kwanza ya jino la mbwa. Wengine huniletea kidonda kilichopakwa tumbaku. Wewe umeuchelewesha ugonjwa huu njiani kabla sisi hatujaileta dawa."

"Si ugonjwa," Mwantumu alisema. "Ni mgeni."

"Samahani. Mgeni."

Alichomwa ya kwanza saa ileile, karibu na kitovu. Aliuma kanga ya bibi yake, hakulia. Sindano zilizokuwapo zilitosha siku sita; nyingine, Petro alisema, zingefika kwa treni kutoka Tanga. Niliwapeleka Masuguru, mtaa wa hapo Korogwe, kwa dada yangu mkubwa, ambaye ana chumba cha wageni na moyo wa kuwapokea, nikarudi shuleni siku ya pili kama nilivyoahidi; Hamisa na kaka yake walikuwa wamebaki kwa jirani.

Siku kumi na nne zile nilizifuata kwa barua ambazo dada yangu aliniandikia kwa niaba ya Bibi Tatu. Siku ya saba treni ilichelewa, na barua ya siku hiyo ilikuwa na mistari miwili tu. Siku ya nane ilikuja ndefu: dawa ilifika, na Mwantumu alikwenda na Petro mpaka stesheni kuipokea, alipoiona treni aliuliza kama dawa ilipata kiti au ilisimama. Bibi Tatu, kwa upande wake, alikuwa ameanza kuwafundisha akina mama wa wodini namna ya kuosha alipong'ata mbwa. Aliwaambia mara saba. Petro hakumsahihisha.

Waliporudi, Kasaine alikuwa akiwangoja barabarani na mbuzi mdogo jike kwenye kamba.

"Wa mtoto," alisema.

Bibi Tatu alimkagua mbuzi, masikio mpaka kwato. "Huyu ukimlisha ugali hana neno," alimwambia mjukuu wake. "Umesikia? Mlishe huyu."

Lakini Petro alikuwa ametuonya tusishangilie mapema. Mgeni wa aina ile huweza kujificha. Tukifika mwisho wa Oktoba bila jambo, alisema, tutapumua. Kwa hiyo sikupumua Agosti, wala Septemba. Maneno ya juu ya ubao niliyafuta kwa mkono wangu, na kwa muda mrefu pakabaki weupe wa chaki bila kitu. Kila asubuhi niliendelea kukagua kucha, kwa kuwa kucha chafu ni kucha chafu. Lakini macho yangu yalikwenda kwanza kwa Mwantumu, kuona kama anakunywa maji mtungini. Alikunywa. Muhidini, nilimwona, alisimama mlangoni pa darasa lake kila asubuhi kuangalia jambo hilohilo, kisha akaingia ndani.

Siku ya mwisho ya Oktoba kengele ya pili ililia, na nafasi ya Mwantumu ilikuwa wazi. Nilianza kuita majina polepole kuliko kawaida. Nilikuwa sijafika katikati ya orodha nilipomwona Hamisa mlangoni, peke yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Dada kaumwa."

Darasa zima lilimgeukia. Nao walikuwa wamehesabu, watoto wale, bila mtu kuwaambia. Niliiweka kalamu chini, nikaenda mpaka mlangoni, nikachuchumaa.

"Hamisa. Ameumwa na nini?"

Alitabasamu, maana safari hii nilimwuliza.

"Na siafu. Anamfuata mbuzi, hatazami chini, kakanyaga njia yao. Wamempanda mpaka huku." Alijigusa kiunoni. "Bibi anamcheka, anasema wamekwenda kwa miguu lakini wamefika."

Nyuma yake, katika uwanja wa shule, Mwantumu alikuwa akija, hatua mbili na mruko, hatua mbili na mruko, akikung'uta sketi na kulalamika kwa sauti ya mtu mzima kabisa. Watoto walikimbilia madirishani. Kutoka darasa la saba nilisikia mtu akicheka peke yake kwa nguvu, na nilijua ni nani.

Nilimngoja aingie. Nilimwekea mkwaju wake, na pembeni, kwa herufi ndogo mahali ambapo daftari halikuweka nafasi, nikaandika: siafu. Kisha nikaendelea kuita majina.